Ekseli iliyomrudisha binti kwa Fundi Chaki

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Fundi Chaki anafungua kufuli la gereji yake, anausukuma mlango wa bati kwa bega kwa sababu bawaba ya juu imechoka, kisha anafanya mambo manne ambayo jirani yake anasema angeweza kuyataja akiwa amefumba macho. Ananyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie. Anafagia. Anafuta benchi la kazi kwa kipande cha shati kuukuu. Halafu anatoa nje vigoda viwili, kimoja kimoja, na kuviweka pande mbili za mlango.

Cha kwanza atakikalia mwenyewe na kikombe chake cha chai. Cha pili atakipangusa kwa kiganja, na hakuna mtu atakayekikalia siku nzima.

Leo kigoda cha pili hakifiki chini. Chaki amekishika hewani, shingo ameiinamisha upande, anasikiliza. Kutoka mwisho wa barabara inakuja sauti ya injini ndogo inayokwenda taratibu, na chini ya sauti hiyo kuna nyingine: tu-tu, tu-tu, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja.

"Ekseli," anasema peke yake. "Ya nyuma. Imepinda upande wa kushoto."

Ndipo pikipiki ya magurudumu manne inapokata kona. Ni nyekundu iliyopauka, na gurudumu lake la nyuma la kushoto linaingia na kutoka kama jino linalotaka kung'oka. Anayeiendesha ni mwanamke wa miaka thelathini na moja aliyevaa buti za mpira. Nyuma yake amefunga sanduku la chanjo kwa kamba. Ni daktari wa mifugo. Ni mtoto pekee wa Chaki pia, na hajakanyaga hapa kwa miezi minane.

Anazima injini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Chaki anakitua kigoda. Analitazama gurudumu, si uso wa binti. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Hiyo."

"Jana. Au juzi. Kuna mtaro kule mlimani, nyasi zimeufunika, sikuuona."

"Mm," anasema Chaki.

Ng'ambo ya uwanja, fundi nguo ambaye mtaa mzima humwita Mama Vifungo ameshasimamisha cherehani yake. "Jamani! Leo jua limetokea upande gani? Nati mwenyewe! Chaki, mkumbatie mtoto basi, au unasubiri apakwe grisi kwanza?"

"Ngoja niinue mashine."

"Mmemsikia? Mashine kwanza. Mwanangu, karibu nyumbani, ya baba yako unayajua."

*

Jina la Chaki alipewa na wateja miaka thelathini na tano iliyopita, naye hakulikataa. Wakati huo alikuwa kijana anayetengeneza baiskeli kwenye chumba hiki hiki, ambacho hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia. Mwalimu wa watoto wadogo alimletea baiskeli ambayo gurudumu lake lilikuwa limekwenda upande. Chaki alitaka kuweka alama mahali palipopinda, akapapasa mifuko, hakupata kitu.

"Akafungua mkoba wake akanipa chaki ya shule," anakumbuka. "Nyeupe, nzima, haijavunjwa. Nikamwambia ashike yeye, mimi nizungushe. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Nimeshawahi kuona mikono mingi. Ule ulikuwa kama umepigiliwa msumari hewani."

Mwaka uliofuata walioana. Mama Vifungo, aliyeshona gauni la harusi, anasema posa yenyewe ilikuwa kichekesho. "Huyu bwana alikwenda kumwambia mwanamke wa watu, 'Una mikono mizuri ya kushika chaki.' Basi. Hakuongeza neno. Mwingine angevua kiatu akampiga nacho. Yule akacheka, akamwambia, 'Nimekubali.'"

Tangu siku hiyo, mwalimu alifundisha asubuhi na mchana alikuja gereji. Baiskeli zikafuatwa na pikipiki. Kisha watu wa mashamba ya milimani na wa ofisi ya mifugo wakaanza kuleta mashine za magurudumu manne, ambazo mafundi wengi walizikwepa kwa sababu ya ile ekseli nene ya nyuma, chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili. Ikipinda hata kwa unene wa kucha, mashine nzima inachechemea.

Kupima ekseli ndiko kulikompa Chaki sifa. Benchini kwake kuna vyuma viwili vilivyokatwa pembe kama herufi V, midomo wazi juu. Ekseli hulazwa humo na kuzungushwa polepole. Mtu mwingine huishika chaki imara karibu kabisa na chuma, bila kuigusisha. Palipobonyea chaki hukosa, palipovimba hugusa. Ikiacha mstari mweupe unaozunguka wote, ekseli imenyooka.

"Siku hizi kuna vipimo vya saa, vina mshale na namba," anasema Chaki. "Ni vizuri. Lakini kwangu mimi kazi hii ilikuwa ya watu wawili."

Katika miaka ile, anasema, siku njema ilimletea mashine nne au tano, na watu walipanga foleni mpaka kwa Mama Vifungo. Sasa wiki nzima inaweza kumpa mbili. Karibu nusu ya anachopata huishia kwenye kodi ya chumba. Ana miaka sitini na tatu, jicho la kulia lina ukungu, na mkono wa kushoto umeanza kutetemeka anapochoka.

Mke wake alifariki mwaka juzi, baada ya kuugua kwa wiki sita. Tangu hapo Chaki hajanyoosha ekseli hata moja. Mteja akileta iliyopinda, anamfungia mpya, na ile ya zamani anaiegemeza kwenye kona. Ziko kumi na saba sasa, zimesimama pamoja kama watu waliokimbia mvua. Wateja hudhani anazihifadhi kwa ajili ya wanunuzi wa chuma chakavu. Hawajawahi kumuuliza, naye si mtu wa kueleza.

*

Saa moja na nusu. Mashine iko juu ya matofali na gogo, magurudumu ya nyuma yako hewani. Binti amevaa ovaroli ya zamani aliyoikuta kwenye msumari wake wa zamani. Imembana mabegani.

Alipokuwa na miaka mitano kazi yake humu ilikuwa kuchambua nati kwenye mikebe kwa ukubwa, kazi iliyompa jina ambalo halijamtoka. Hata cheti chake cha chuo kilipofika, Mama Vifungo aliutangazia uwanja mzima kwamba Nati amekuwa daktari.

"Kesho saa moja asubuhi natakiwa kule juu," anasema binti. "Ndama mia tatu wanangoja chanjo. Sanduku halitunzi baridi zaidi ya siku mbili, na mashine nyingine hakuna."

"Itakuwa tayari."

"Una uhakika, Baba?"

"Shika hiyo spana."

Wanafungua magurudumu, kisha habu, lile shina ambalo gurudumu hufungwa juu yake. Mnyororo unalegezwa. Halafu zinafika zile nati mbili kubwa za ekseli, pana kama vifuniko vya chupa ya maziwa, zilizobanana zenyewe kwa zenyewe ili zisilegee njiani. Hizi hazifunguliwi na mtu mmoja. Mmoja anaizuia ya ndani, mwingine anaivuta ya nje kwa bomba refu lililochomekwa kwenye mpini wa spana.

"Vuta," anasema Chaki.

"Navuta!"

"Hujavuta. Unaipapasa."

"Baba, mimi nazuia fahali kwa pembe zake, unaniambia napapasa?"

"Fahali hana kutu."

Binti anacheka kabla hajajizuia. Nati inalia kwa sauti kali, inakubali. Ng'ambo, Mama Vifungo anapiga makofi mara mbili na kurudi kwenye pindo la sketi.

Kutoa ekseli ndiyo sehemu ngumu. Iliyonyooka hupita kwenye beringi zake kama mkono kwenye mkono wa shati. Iliyopinda hukwama pale pale ilipopinda. Chaki anarudisha nati mpaka iwe sawa na ncha, ili meno ya chuma yasiharibike, kisha anagonga kwa nyundo ya mbao. Anagonga, anasubiri, anapaka mafuta, anagonga tena. Jasho linamtiririka kidevuni. Binti anataka kumpokea nyundo, anasita, anaacha.

Inapotoka hatimaye, Chaki anaibeba mpaka mlangoni kwenye mwanga. Anaigeuza. Anaitazama kwa muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji.

Karibu na mahali pa gurudumu la kushoto chuma kimebadilika rangi, kina utepe wa bluu, rangi ya chuma kilichochomwa moto. Juu ya utepe huo kuna makovu madogo ya nyundo ya chuma. Kisha Chaki anachukua beringi, anaizungusha kidoleni. Inakwaruza. Unga wa rangi ya kahawia unamdondokea kiganjani.

"Hii si ya jana," anasema. "Si ya juzi. Beringi haiwi hivi chini ya wiki tatu."

Binti anatazama sakafu.

"Na kuna mtu ameichoma, akaigonga."

"Fundi wa kule mjini," binti anasema. "Alisema ameinyoosha."

"Kwa macho?"

"Kwa macho."

Chaki anatikisa kichwa taratibu. "Amejitahidi," anasema, na kuiegemeza ekseli kwenye kona. Ya kumi na nane.

Hakuna aliyepaza sauti. Lakini kwa mtu aliyekuwa amesimama pale, ilikuwa dhahiri kwamba hilo neno "amejitahidi" lilimchoma binti kuliko matusi.

*

Kilichowatenganisha kilichukua dakika chache tu. Miezi minane iliyopita binti alikuja akamkuta baba yake amelala chali chini ya mashine, peke yake, jeki imeegemea upande. Alimvuta miguu. Alipomtoa, maneno yakamtoka: "Baba, funga hii gereji. Uje tuishi wote. Yatosha."

Chaki alisimama, akajipangusa vumbi, akajibu: "Kazi ya kuniambia nifunge nilimpa nani?"

Binti akaondoka. Chaki akaendelea na mashine.

Simu hazikukoma. Kila Jumapili jioni binti alipiga. "Umekula?" "Nimekula." "Dawa ya macho?" "Ipo." "Haya, Baba." "Haya." Mama Vifungo, ambaye Jumapili hunywa chai na Chaki, anasema alikuwa akihesabu sekunde.

"Tatizo lao ni kwamba mkalimani wao amefariki," anasema, na safari hii hafanyi mzaha. "Huyu Chaki hajui kusema kitu kilivyo. Anapitia kwenye vyuma. Nati alipokwenda chuo, siku ya basi, baba mtu akamwambia, 'Kaa siti ya katikati, tairi la nyuma la basi hili ni kipara.' Mtoto akanuna. Mama yake akamvuta sikio akamnong'oneza, 'Baba yako anasema atakukosa sana.' Ndivyo walivyoishi. Huyu anasema breki, yule anamwambia mtoto maana yake. Sasa nani atafsiri?"

Binti anakumbuka hayo yote. Anamsimulia mwandishi wa makala hii, baba yake akiwa nje, huku akiosha nati kwenye mkebe wa mafuta ya taa, vidole vyake vinazichambua kwa ukubwa bila yeye kujua.

"Nilipopata kazi aliniambia, 'Usipande mlima na gia kubwa.' Nilimtazama Mama. Akasema, 'Anajivunia, mwanangu, anaogopa tu.' Nilizoea hivyo. Nilikuwa namsikiliza Baba huku nikimtazama Mama." Anainua nati moja, anaigeuza. "Mwezi ule wa mwisho Mama aliniambia nijifunze kumsikiliza mwenyewe. Nikasema nitajifunza. Sikujifunza."

Maneno yake kuhusu kufunga gereji anayaeleza hivi: hakuwa amemaanisha kwamba baba yake hawezi kazi. "Nilipoona ile miguu imetoka chini ya mashine, nilidhani nimechelewa. Lakini ukisema kwa hasira, kinachosikika ni hasira."

Je, amewahi kumwambia baba yake hivyo?

"Bado," anasema.

*

Saa nne. Chaki anapanda juu ya ndoo, anatoa kwenye dari kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Anakilaza benchini, anafungua kamba polepole.

Ni ekseli mpya. Inang'aa kama maji.

"Umeipata wapi?" anauliza binti. "Mjini waliniambia itachukua mwezi mzima kuagizwa."

"Ilikuwepo."

Kwenye ncha yake kuna kipande cha boksi kimefungwa kwa waya. Kimeandikwa kwa chaki iliyofifia: NATI. Chini yake tarehe. Binti anaisoma, anapiga hesabu kwa midomo. Ni wiki moja baada ya siku waliyogombana.

"Ekseli yako ilikuwa na miaka tisa," Chaki anasema, akitazama pengine. "Na wewe huoni mitaro."

Binti anageuka, lakini benchini hakuna wa kumtazama ili apate maana.

Sasa inatakiwa kupimwa. Chaki haamini kitu kwa sababu eti ni kipya. Ameshawahi kuona ekseli zilizopindia safarini, ndani ya maboksi yake. Anailaza juu ya zile pembe mbili. Anafungua droo, anatoa kipande cha chaki cheupe, kifupi kama ncha ya kidole. Anajaribu kukishika kwa mkono wa kushoto huku akizungusha kwa wa kulia. Mkono unatetemeka. Chaki inagonga chuma, tik, tik, inaacha vidoadoa visivyo na maana. Anafuta. Anajaribu tena. Tik, tik.

Anakitua kipande hicho benchini, karibu na binti yake. Anashika ekseli kwa mikono miwili na kusubiri.

Ng'ambo, cherehani imesimama.

Binti anajipangusa vidole kwenye ovaroli, anachukua chaki, anaegemeza kiwiko kwenye benchi kama alivyokuwa akiona ikifanywa utoto wake wote. Chaki anazungusha. Mzunguko wa kwanza haugusi. Binti anasogea kwa upana wa unywele. Wa pili, unaanza mnong'ono mdogo wa chaki juu ya chuma, nao haukatiki. Mstari mweupe, mwembamba, unaizunguka ekseli na kurudi pale ulipoanzia.

Mkono wa binti haujatikisika.

Chaki anautazama ule mstari. Kisha anautazama ule mkono, muda mrefu. Anavua miwani, anaifuta kwa kitambaa chenye grisi, na kuivaa ikiwa chafu zaidi ya mwanzo.

"Imenyooka," anasema.

*

Kuanzia hapo kazi ilitakiwa kwenda haraka. Beringi mpya ziligongwa kwenye nafasi zake kwa kipande cha bomba. Ekseli ilipakwa grisi, ikapita ndani bila kusukumwa kwa nguvu. Baba na binti waliifunga diski ya breki, gia ya mnyororo, na zile nati mbili kubwa, huyu akizuia, yule akivuta, safari hii bila ugomvi.

Lakini Mama Vifungo, ambaye macho yake hayakosi uzi uliotoka, aliona jambo. "Chaki," aliita, "hizo nati umeziosha mara tatu. Unazipeleka harusini?"

"Zina mchanga."

"Mchanga gani? Zinang'aa kuliko pete yangu!"

Binti alipokwenda kununua mkate, Chaki alikiri. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti.

"Kazi hii huchukua saa tano," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiwa na mtu wa kunishikia, saa tatu na nusu. Sasa ni saa ngapi? Saa saba. Najua. Siogopi mashine isipopona. Naogopa ikipona." Alinyoosha kidevu kuelekea barabarani. "Ikipona ataondoka nayo. Na nimeifunga vizuri. Haitaharibika tena leo wala mwaka ujao."

Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejishika mwenyewe akiiba. "Fundi mwenye akili angefunga vibaya."

Aliporudi, binti alimkatia baba yake mkate, akamchovyea kwenye chai kama anavyopenda. Yeye alikaa juu ya tairi kuukuu. Kigoda cha pili kilikuwa hatua moja tu kutoka alipokuwa, kitupu, kimepanguswa. Alikizunguka kama watu wote wa uwanja huu wanavyokizunguka. Kila mtu anajua, au anadhani anajua, kwamba Chaki anamtolea nje marehemu mke wake, na hakuna anayetaka kukalia nafasi ya mwalimu.

Walikula wakizungumza mambo ya zamani. Jinsi mwalimu alivyokuwa akiingia gereji na gauni jeupe na kutoka nalo jeupe, hadi leo haijulikani vipi. Jinsi alivyowafundisha wateja wawili kusoma huku wakingoja pikipiki zao, akiwaandikia herufi kwenye mlango wa bati. Binti aliinuka akaenda kuutazama mlango kwa ndani. Chini kabisa, pembeni mwa kutu, herufi moja ya *e* bado inaonekana.

"Hukuifuta," alisema.

"Sifagii huko," alijibu baba yake.

*

Saa kumi kasorobo. Magurudumu yamerudi mahali pake, pini mpya zimepita kwenye nati na kukunjwa. Chaki anayazungusha kwa mkono. Yanakwenda kimya, hayaingii wala kutoka. Analala kifudifudi kutazama mnyororo, na kabla hajaingia chini anaona binti yake ameshachuchumaa na kushika jeki kwa mikono miwili. Chaki anatazama ile mikono. Kisha anachukua gogo la pili na kulisukuma chini ya mashine ili iwe salama zaidi.

Binti anaizungusha mashine uwanjani mara mbili. Ile tu-tu haipo. Mama Vifungo anapiga kigelegele kwa ajili ya pikipiki.

Anarudi mpaka mlangoni, injini ikinguruma polepole. Anavua ovaroli, anaitundika kwenye msumari wake. Anafunga sanduku la chanjo.

"Haya, Baba. Asante. Giza lisinikute njiani."

"Kaza mnyororo ukifika kilomita hamsini," anasema Chaki. "Kila kilichofungwa upya hulegea kidogo mwanzoni."

"Nitakaza."

"Na mitaro."

"Nitaangalia."

Anapanda. Anashika usukani. Chaki amesimama kati ya vigoda viwili, ameshika kile kipande cha chaki, anakisokota vidoleni mpaka unga unadondoka juu ya kiatu. Binti anaingiza gia. Mashine inasogea hatua tatu.

"Nati!"

Anageuka. Baba yake ameinua mkono. Binti anazima injini.

"Nini, Baba? Kuna kitu tumesahau kufunga?"

"Hapana. Iko sawa. Kila kitu kiko sawa." Anamtazama Mama Vifungo kana kwamba yule angemsaidia. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, fundi nguo anainamisha kichwa na kuchunguza kifungo.

Chaki anakigusa kigoda cha pili kwa ncha ya mguu.

"Watu wanadhani hiki ni cha mama yako," anasema. "Cha mama yako kilivunjika zamani, yeye mwenyewe alichochea nacho moto wa chai. Hiki nilikitengeneza baada ya wewe kuondoka ile siku." Anakohoa, anaendelea. "Kila asubuhi nakitoa nje. Nakipangusa. Ni cha kwako, mwanangu. Nimekungoja miezi minane, sikujua kukwambia."

Binti anashuka kwenye mashine. Anatembea polepole, buti zake zinaacha alama kwenye vumbi la uwanja. Anakigeuza kigoda kidogo kielekee barabarani, kama kile kingine, anakaa.

"Niliogopa, Baba," anasema. "Siku ile. Nilidhani umekufa. Sikutaka ufunge. Nilitaka usiwe peke yako chini ya mashine."

Chaki anakaa pia. Wanaitazama ile pikipiki nyekundu, imesimama sawasawa kwa magurudumu yake manne.

Pale kwenye kona ndani, ekseli kumi na nane zimeegemea ukuta. Binti anazihesabu kwa kidole kutoka alipokaa.

"Jumamosi sina zamu," anasema. "Zote za mwezi huu. Hizo zinaweza kunyooka?"

"Ile ya fundi wako wa mjini, hapana. Imechomwa." Chaki anafikiri. "Kumi na saba zinaweza. Zinahitaji watu wawili."

Anafungua kiganja cha binti yake, anaweka kile kipande cha chaki ndani, anakifunga kwa vidole vyake mwenyewe.

"Njoo," anasema. "Si kwa ajili ya ekseli. Njoo tu."